Glopu Haijui Kusoma

Jumatatu ile glopu iliwaka mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja akina mama wa mtaa wa Ng'ambo walipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama kuuliza nani anaolewa. Hakuna aliyekuwa anaolewa. Lilikuwa darasa la kisomo, barazani kwa fundi Mabruki, na glopu yenyewe ilikuwa ile ndogo ya tochi, imechomekwa juu ya ubao uliotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai. Upande wa kushoto wa ubao kulikuwa na picha kumi na moja, na chini ya kila picha msumari. Upande wa kulia kulikuwa na kadi kumi na moja za maneno, na chini ya kila kadi msumari. Nyuma yake waya zilitoka msumari huu kwenda msumari ule, na betri mbili za tochi zilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwanafunzi alishika spoku mbili za baiskeli, akagusa picha kwa moja na neno kwa nyingine. Akipatia, taa inawaka. Akikosea, haiwaki, na wenzake wanamcheka mpaka wanashika mbavu.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio, mabango na hata khanga zilimhimiza mtu mzima asome. Madarasa yalikuwa mengi, lakini ubao unaomjibu mtu ulikuwa kwa mwalimu Mwanne tu, mke wa Mabruki, na ndiyo maana wanawake kumi na tisa waliacha vyungu vyao kila saa tisa alasiri wakaja kukaa kwenye mikeka yake.

Ndugu Mahona, afisa wa kisomo kutoka ofisi ya wilaya, hakupiga hata kofi moja. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu vyeusi vilivyojaa vumbi la Tabora, na alikuwa ameangalia misumari kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia picha.

"Mama, wewe ndiye Veneranda?" alimwita mwanamke mnene aliyekuwa akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, stesheni.

"Ndiye mimi, baba."

"Mwadila, mama."

"Mwadila, baba!" Veneranda akafurahi kusikia salamu ya kwao.

Afisa akainama, akachukua chaki, akaandika neno moja sakafuni kwenye saruji. "Hapa nimeandika nini?"

Veneranda aliitazama sakafu. Akautazama ubao. Akairudia sakafu. "Lakini baba," akasema kwa masikitiko ya kweli, "hapo hapana msumari."

Watu walicheka, na Veneranda akacheka kuliko wote, lakini Mwanne hakucheka. Neno lilikuwa *kuku*, neno ambalo Veneranda alikuwa ameligusa mara nane wiki iliyotangulia bila kukosea.

"Mwalimu," alisema Ndugu Mahona akifungua daftari lake, "sisemi kwa ubaya. Hawa hawasomi. Wamekariri misumari, kama mcheza bao anavyolijua shimo lake. Nitarudi Alhamisi. Nikikuta hali ni hii hii, darasa litahamia shuleni, kule ng'ambo ya reli, wapewe mwalimu mwingine na ubao wa kawaida."

"Ng'ambo ya reli hawatakwenda, Ndugu," Mwanne alisema. "Huyu ana mgonjwa, yule ana chungu motoni. Hapa wanakuja kwa sababu ni hapa."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Alhamisi," alijibu, na kweli alijiona amefanya hisani.

Mabruki alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, penseli sikioni, akisikiliza. Ubao ule aliutengeneza yeye kwa mikono yake. Wakati wa kuutengeneza, Mwanne alisimama kando akimwonyesha kwa kidole: msumari huu uende pale, huu uende kule. Ilikuwa rahisi. Alikuwa fundi wa redio na majiko, watu walimletea kazi kutoka Igunga mpaka Usinge, na mteja alipomwona akichora mstari juu ya bati kwa ile penseli alijua huyu ni mtu wa hesabu na vitabu. Hesabu alizijua kichwani. Vitabu hakuvijua hata kidogo. Mabruki hakujua kusoma. Katika miaka ishirini ya ndoa hakumwambia mkewe, na sasa mkewe alikuwa mwalimu wa kisomo, na mama yake mzazi, Bi Mwanamkuu, alikaa mkeka wa mbele.

*

Jumanne Mwanne aliugeuza ubao ukatazama ukuta. Akina mama walilalamika kama walionyang'anywa chakula.

"Leo tunasoma sakafu," aliwaambia.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Kisha Bi Mwanamkuu, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia sabini na meno yake yalikuwa yamebaki ya mbele tu, alipiga magoti juu ya saruji, akaweka kidole kwenye chaki, akasema, "Ka… ra… nga. Karanga! Kumbe ni ile ile!" Akazidi kushangaa kwamba neno linaweza kutoka ubaoni likaja kukaa sakafuni likabaki lile lile. Baada ya hapo wote waliinama. Wengine walisoma polepole, wengine kwa kubahatisha, lakini ilipofika saa kumi na moja hata Veneranda alikuwa amesoma *reli* na *pamba* bila kuutafuta msumari.

"Walikuwa wanajua," Mwanne alimwambia mumewe jioni wakila. "Walikuwa wavivu tu kwa sababu ya taa. Mtu akishajua kwamba msumari wa tatu kutoka juu ndio kuku, atasoma ya nini?"

"Basi ubao tuuchome," alisema Mabruki, na alisema kwa matumaini.

"Tuuchome? Baba Siwema, bila ubao ule Veneranda asingekuja hata siku moja! Nautaka ubao, na namtaka Mahona auone ukifanya kazi." Akainuka, akarudi na kadi kumi na moja, maneno yakiwa yameandikwa upya kwa wino mweusi. "Picha zibaki zilipo. Maneno tunabadilisha mahali. Mtu akikumbuka msumari, shauri yake. Lazima asome. Kesho hakuna darasa na mimi sina nafasi, nina mkutano wa akina mama na viti vya kuazima. Wewe zipange kadi hizi upendavyo, bora zisiwe kama zamani, kisha uunganishe kila picha na neno lake."

"Upendavyo," Mabruki alirudia.

"Kwako hiyo ni kazi ya nusu saa."

Bi Mwanamkuu alikuwa akichambua mfupa wa samaki. "Nusu saa gani? Mwanangu huyu alifungua redio ya mzungu wa stesheni akairudisha ikiimba," alisema kwa fahari. "Robo saa!"

Mabruki alizitazama kadi. Zote zilikuwa nyeusi juu ya nyeupe, na hakuna hata moja iliyomtazama kwa huruma. Akasema ameshiba.

*

Jumatano alibaki peke yake nyumbani. Mama yake alikuwa kwenye shamba lake la karanga. Mabruki alizipanga kadi juu ya benchi la kazi, akazigeuza, akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja kweli. Aliangalia picha ya jembe, kisha akatafuta kadi inayofanana na jembe. Hakuna. Alifikiri neno *ng'ombe* lingekuwa kubwa na neno *kuku* dogo, na katika hilo hakukosea, lakini nusu ya kadi zilikuwa ndogo na nusu kubwa, na hapo elimu yake ikaishia.

Angeweza kumngoja mama yake. Hilo alilifikiri vizuri na likamuuma vizuri. Miezi sita iliyopita mama yake hakujua hata herufi moja, na leo angeweza kumsomea mwanawe kadi zote akiwa anakuna nazi. Kwenda kwake na kusema, "Mama, hii imeandikwa nini?" Hapana. Bora aende dukani kwa Rasiklal.

Rasiklal aliuza vyombo, nyuzi, betri na madaftari. Baba yake na babu yake waliuza hapo hapo, kwenye njia ile ile ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora tangu utotoni.

"Karibu fundi. Betri?"

"Betri mbili. Halafu, Rasiklal, nina jambo dogo." Mabruki akaweka kadi juu ya kaunta. "Mke wangu ameandika hizi kwa ajili ya darasa. Mgeni atazisoma kesho. Nataka kujua kama mwandiko unasomeka kwa mtu mwingine. Mimi nimeuzoea."

Ulikuwa uongo mzuri. Alikuwa ameutengeneza njiani tangu Ng'ambo mpaka sokoni.

"Mwandiko wa Mwanne? Mbona unasomeka hata na mbuzi," alisema Rasiklal, na Mabruki akameza mate. "Soma wewe mwenyewe, mimi nisikilize."

"Aa, nimeacha miwani."

"Una miwani wewe?"

"Nimeandikiwa."

"Basi chukua yangu!" Rasiklal alikuwa mtu mkarimu. Akaivua, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe. Duka lote likayeyuka. Taramati, mkewe, aliyekuwa nyuma akipima sukari, alinyanyua macho, akamwona fundi Mabruki amesimama mbele ya kaunta na miwani puani, ameshika kadi kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa mbali tena.

"Hii ni ya kuonea mbali," alisema Mabruki hatimaye, jasho likimtoka.

"Ni ya kusomea."

"Ya macho yako. Nisomee tu, Rasiklal, ndugu yangu. Nina kazi."

Rasiklal akarudisha miwani yake, akashika furushi la kadi. Alichukua ya juu. "Jembe," akasema, akailaza kauntani. "Moto," akailaza juu ya jembe. "Kuku. Asali. Nyumba. Karanga. Mzinga. Reli. Ng'ombe. Pamba. Tumbaku." Kila aliyoisoma aliilaza juu ya mwenzake. Kisha akaziokota zote kwa pamoja, akazigonga kauntani zikalingana, akampa. "Zinasomeka. Mwambie mwalimu hongera."

Mabruki alikuwa ameyashika maneno kumi kwa vidole vyake kumi, na la kumi na moja akaliweka kwenye ulimi. Kichwa chake kilikuwa kizuri kwa kushika mambo, kwani mtu asiyeandika hana pengine pa kuyaweka. Alitoka dukani akinong'ona, jembe moto kuku asali, na hakutaka kusimama na mtu. Mzee Mfaume, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amekaa mlangoni kwake akingoja kuamkiwa kama alivyoamkiwa na Mabruki kila siku ya Mungu. Mabruki alimpungia mkono tu, akapita. Mzee Mfaume alibaki na marahaba yake mdomoni. Kwa Ng'ambo, lile lilikuwa jambo la kuuliza kulikoni, na kabla ya magharibi nyumba tano zilikuwa zimeuliza.

Alifika nyumbani na maneno yote kumi na moja salama salimini. Hakuna hata moja lililomponyoka, wala mpangilio haukuvurugika. Tatizo ni kwamba kadi aliyoidhania ya kwanza ndiyo iliyosomwa mwisho. Jembe lilikuwa chini kabisa, na juu kulikuwa na tumbaku. Jambo hilo hakulifikiria hata kidogo. Alichukua kadi ya juu, akaiambia, "Wewe jembe," akaichomeka. Akaichukua ya pili, "Wewe moto." Akaenda hivyo hivyo mpaka chini, kisha akaunganisha waya kwa lehemu safi, kila moja mahali pake, kazi nzuri isiyo na doa. Moja tu kati ya kumi na moja ilikuwa ya kweli, ile ya katikati, karanga, kwa sababu ukigeuza furushi juu chini ya katikati inabaki katikati.

Alijaribu. Akagusa picha ya kuku, akagusa kadi aliyoiita kuku. Taa ikawaka. Akagusa jembe na jembe lake, ikawaka. Zote ziliwaka. Mabruki akakaa juu ya kiti chake, akapangusa uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alijisikia mtu mwenye bahati. Aliimba.

*

Alhamisi Ndugu Mahona alikuja na baiskeli yake saa tisa kamili. Kulikuwa na viti vya kuazima, na Mzee Mfaume alikaa kimoja akiwa bado hajamsamehe mtu. Akina mama walikuwa wamevaa khanga za siku ya Idi. Mwanne alieleza kwamba maneno yamebadilishwa mahali, na afisa akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Mama Veneranda, tuanze na kuku wetu."

Veneranda alishika spoku zake. Alizisoma kadi kutoka juu, midomo ikicheza, akapita mbili, akapita tatu, akaendelea karibu na chini, akatabasamu. Akagusa picha ya kuku, akagusa neno.

Taa haikuwaka.

"Bonyeza vizuri," alisema mtu nyuma. Akabonyeza. Haikuwaka. Tabasamu likamtoka Veneranda polepole, akarudisha spoku, akaenda kukaa, akajifunika mdomo kwa khanga. Akaitwa Tekla. Tekla alipewa reli. Alitafuta, akaona, akagusa, na glopu ikabaki imelala. Akaitwa wa tatu, akapewa karanga, na taa ikawaka vizuri sana, na vigelegele vikapigwa vya watu waliookolewa. Wa nne akapewa pamba. Giza. Wa tano, giza.

Sasa hakuna aliyecheka. Baraza lilikuwa kimya hata ukasikia kuku wa kweli akiparua uani. Wa sita alikataa kuinuka. "Mimi sijui," alisema, na Jumanne alikuwa amesoma maneno yote. Mabruki aliona jinsi walivyokuwa wakiinamisha shingo mmoja mmoja. Mwanzoni alisikitika kwamba hawajui. Kisha mkewe akamgeukia.

"Baba Siwema, waya zimelegea?"

Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Waya hazikuwa zimelegea. Hakuna waya ya Mabruki iliyowahi kulegea. Alijua kuna jambo, na hakujua ni jambo gani, na hakuwa na namna ya kulijua hata angesimama mbele ya ubao ule mpaka mwaka uishe.

"Labda zimelegea," alisema, na sauti yake ikamchukiza.

Ndugu Mahona alifungua daftari. "Mwalimu, karanga iliwaka, kwa hiyo umeme upo," alisema taratibu. Aliondoa kifuniko cha kalamu.

"Ngoja kwanza, baba." Bi Mwanamkuu alikuwa akiinuka, mkono mmoja gotini. "Mimi sijaitwa."

"Shikamoo mama. Karibu mama."

"Marahaba." Akazikamata spoku. Hakutaka kuambiwa neno. Aligusa picha ya kuku, akatafuta kadi, akagusa. Taa haikuwaka. Wote wakangoja aone aibu. Bi Mwanamkuu hakuona aibu. Alisogeza uso karibu na kadi, akaweka kidole juu ya wino. "Ku… ku. Kuku," alisema. Akagusa tena. Haikuwaka. Akasoma tena. Kisha akasimama wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu.

"Hili ni kuku," alisema. "Glopu ndiyo haijui kusoma."

"Mama," Mwanne alinong'ona.

"Mama nini? Ku na ku ni nini? Nimesoma sakafuni, nimesoma kwenye mfuko wa sukari, nimesoma kwenye khanga ya Tekla hapo nyuma akiwa anatembea. Ni kuku. Hebu tuione hii taa yenyewe inasemaje." Akaiacha spoku moja kwenye picha ya kuku, na ya pili akaipitisha juu ya kila msumari akisoma kwa sauti. "Tumbaku. Hapana. Pamba. Hapana. Ng'ombe…"

Taa ikawaka.

"Loo!" alisema Bi Mwanamkuu. "Kuku huyu kwa taa ni ng'ombe! Ana maziwa?"

Hapo baraza likapasuka. Veneranda alitupa khanga iliyomfunika mdomo, akaja mbio, akashika spoku. "Na reli ya Tekla! Reli yake iko wapi? Asali! Treni inakwenda na asali!" Tekla akasukuma, wa nne akasukuma. Waliyasoma maneno kwa kelele, wakitafuta uongo mmoja baada ya mwingine. Jembe lilikuwa tumbaku, nyumba ilikuwa mzinga, na moto, Mungu atunusuru, ulikuwa pamba. Yule aliyekataa kuinuka ndiye aliyegundua hilo la pamba, na alipiga kelele zaidi ya wote. Mzee Mfaume alicheka mpaka akasahau kwamba ana kinyongo.

Ndugu Mahona alikuwa ameacha kuandika. Alicheka naye, akatikisa kichwa, akampa Mwanne mkono.

"Mwalimu, umenipiga chenga! Umeweka mtego kusudi. Anayekariri ataiamini taa, anayesoma ataikataa. Miaka sita niko kisomo, sijaona mtihani kama huu. Darasa linabaki hapa hapa. Na nitaandika taarifa kila wilaya itengeneze ubao wa uongo kama huu. Fundi!" Akamgeukia Mabruki. "Wewe ndiye uliyepanga mtego? Kazi ya akili sana!"

Mwanne alimtazama mumewe. Alikuwa anajua hakuweka mtego wowote, na alikuwa anamwachia yeye.

Njia ilikuwa nyeupe. Mabruki angeitikia kwa kichwa tu, hata neno lisingehitajika, na angelala usiku ule fundi mwenye akili kuliko mafundi wote wa mkoa. Alimwona mama yake anahema, amechoka, spoku bado mkononi, amesimama peke yake dhidi ya ubao alioutengeneza mwanawe. Wenzake wote walikubali kwamba hawajui kwa sababu Mabruki hajui. Jambo hilo lilimwingia moyoni na kukaa.

"Ndugu Mahona, hakuna mtego," alisema. "Mwalimu alinipa kadi niunganishe. Nimekosea mimi."

"Umekosea kumi kati ya kumi na moja?" Afisa bado alikuwa anacheka. "Fundi, mtu anayejua kusoma hawezi kukosea kumi."

"Ndiyo," alisema Mabruki. Akatoa penseli sikioni, akaitazama, hakujua aiweke wapi. "Ndivyo ninavyosema. Sijui kusoma."

Bi Mwanamkuu alimtazama mwanawe muda mrefu. Yeye na marehemu mumewe ndio waliomtoa shuleni mtoto huyu akiwa na miaka minane, akavukute mivukuto kwenye uhunzi wa baba yake, na alikuwa amesahau.

"Si kosa lako, baba," alisema. "Hilo ni letu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha jambo lining'inie, akakunja khanga yake, akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Njoo ukae hapa. Mkeka wa mbele. Nyuma huwezi kuona."

Mabruki alivua viatu akaenda kukaa. Veneranda alimsogezea nafasi. "Karibu fundi. Usiogope, mwalimu wetu hapigi," alimwambia, na vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka sokoni.

*

"Ulikuwa unajua?" alimuuliza mkewe jioni ile. Walikuwa wamekaa uani, akimenya maboga naye, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Nilijua una jambo. Kila barua ya mwanetu Siwema ikija kutoka Urambo, macho yako yanauma." Mwanne alikata kipande cha boga. "Nilidhani ni macho kweli. Nimecheza upatu miezi mitatu nikununulie miwani."

Mabruki aliweka kisu chini. Alitaka kucheka, lakini kilichokuja si kicheko. Alipangusa macho kwa mkono wenye mbegu za maboga.

"Upatu wangu unaiva mwezi ujao," Mwanne aliendelea kana kwamba hajaona. "Basi nitanunua khanga."

"Nunua mbili."

"Mbili, ndiyo. Na Rasiklal alikuwa anauliza kama macho yako hayajambo. Ulimfanyia nini?"

Alimsimulia yote, miwani, vidole, na Mzee Mfaume. Mwanne alimwomba aonyeshe jinsi Rasiklal alivyozilaza kadi kauntani. Akaonyesha kwa maganda ya boga, moja juu ya jingine, na alipoyaokota mwenyewe akaona. Walicheka mpaka Bi Mwanamkuu akagonga dirisha kuuliza kama hawana adabu.

*

Kisomo hakikumjia haraka. Mikono yake ilikuwa myepesi na macho yake mazito, na herufi *b* na *d* zilimtesa kama deni. Akina mama hawakumwonea huruma. Akikosea walimcheka mpaka wanashika mbavu, na Tekla alimuuliza kila siku ile penseli sikioni inafanya kazi gani. Mama yake alimsaidia kwa siri kwa kumfinya paja, finyo moja kwa ndiyo, mawili kwa hapana, mpaka Mwanne alipowatenganisha mikeka. Mwezi wake wa pili darasani walikuja wanaume wengine watatu, kwa kuwa kama fundi Mabruki amekaa pale, wao ni nani? Mzee Mfaume alikuja kuangalia nidhamu tu, akabaki.

Ilikuwa siku moja ya mvua za kwanza. Mwanne alikuwa ameongeza picha mpya na kadi mpya, na waya alifunga Mabruki, lakini safari hii mwalimu alimwambia msumari tu, asione neno. Ikafika zamu yake. Picha ilikuwa ya koleo la mhunzi, lile lile alilolishika kila siku tangu utoto.

Alizipitia kadi. Alipita moja iliyoanza vizuri na kuishia vibaya. Akasimama kwenye nyingine. Akaisoma kimya, kidole hewani, akaweka spoku mbili mahali pake.

Taa haikuwaka.

Mwanne alikunja mikono. Veneranda alishajaza kicheko mashavuni. Bi Mwanamkuu, mkeka wa mbali, alikuwa anamfinya mtu ambaye si mwanawe.

Mabruki hakuondoa spoku. Alisogea karibu na kadi kama mama yake alivyosogea siku ile, akasoma tena, safari hii kwa sauti. "Ko… le… o." Akaishusha spoku. Akazunguka nyuma ya ubao, akachomoa betri, akailamba kwa ncha ya ulimi kama mafundi wanavyofanya, akangoja ule uchungu mdogo unaochoma. Haukuja.

"Neno ni hilo hilo," aliwaambia. "Betri ndizo zimekwisha."

Wote wakapiga vigelegele, bila kuingoja taa.